Mbwa Aliyetufichia Mifupa

Jina lake sitalitaja. Mara ya mwisho nilipolitamka nilikuwa namwita aje auawe, akaja, na tangu siku hiyo sijalitumia tena.

Tulitoka naye Kilosa akiwa mdogo, anaenea ndani ya kikapu cha nyanya. Babu yangu aliletwa Kilosa na kazi ya reli, baba akazeekea kwenye mkonge, na shamba la mkonge lilipofungwa tukaambiwa kila mtu ajitegemee. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa: ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka, ruksa kufa njaa vilevile mradi usimsumbue mtu. Baba akasema Mikumi kuna barabara kuu, na madereva wa malori lazima wale. Tukahamia huko watatu, yeye, mimi na mbwa. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Tulifungua kibanda cha chai na chapati. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na pale Mikumi sikuwa na rafiki mwingine zaidi ya yule mbwa. Alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limelala, muoga wa radi kupita kiasi. Mchana alilala juu ya kandambili zangu ili nisiondoke bila yeye kujua. Nikimkanyaga mkia kwa bahati mbaya, yeye ndiye aliyeonekana kuomba radhi.

Anayeishi kando ya hifadhi anaijua nyama ya porini. Hakuna anayeiuza, na kila mtu ameshaila. Unanunua gunia la mkaa, ukilifungua unakuta paja la swala katikati. Nyama ikishaiva haina neno, mchuzi ni mchuzi. Kinachofunga watu ni mifupa. Ukiitupa jalalani, jirani mwenye kinyongo ameshapata cha kupeleka kwa askari wa hifadhi. Kwa hiyo nyumba yenye akili ilifuga mbwa, mbwa akapewa mifupa yote, na mtu akasimama pale kuhakikisha amemaliza. Kwetu aliyesimama ni mimi. Nilimhimiza kabisa: kula, maliza, bado huo hapo. Alikuwa akiinua macho katikati ya kutafuna na kunitazama kwa furaha, akiona nimekuja kukaa naye.

Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya kibanda mdomo wazi. Udenda ulikuwa ukimchuruzika, anajikwaruza uso kwa kucha, anayaendea maji na kushindwa kuyanywa. Akijaribu kubweka, inatoka sauti ya kukabwa. Siku mbili kabla nilikuwa nimempa mifupa ya shingo ya swala, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa na mtu. Nilijaribu kumchungulia mdomoni, akarudi nyuma akilia kwa maumivu. Jirani yetu, mama wa watoto wanne, alikuwa ameshasimama uani kwake anatuangalia.

"Huyo ana kichaa," alisema. "Kule Zombo juzi tu wamezika mtoto."

Kabla ya saa sita balozi wa nyumba kumi alikuja kutuambia tumwite bwana mifugo siku hiyohiyo, la sivyo vijana watammaliza kwa marungu. Simlaumu. Pale watoto wote walicheza njiani.

Baba alinivuta ndani. Hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo mapema kwa sababu najua ninavyomsimulia.

"Mwanangu," aliniambia, "ukitaja mfupa, atauliza mfupa wa nini."

"Nitasema wa mbuzi."

"Nani amechinja mbuzi hapa wiki hii? Na akiutoa atauona. Huyo kazi yake ni mifupa."

Kisha akasema mbwa ni wangu, niamue mwenyewe. Ndivyo baba zetu walivyo, wanakukabidhi uamuzi wakiwa wameshauamua. Alikuwa na miaka sitini na kitu, kifua kimeharibiwa na vumbi la mkonge, na kwa kesi ya nyara za serikali asingepewa onyo. Angefungwa, na kwa kifua kile asingetoka hai. Mimi nilijua hivyo, na yeye alijua kwamba najua.

Bwana mifugo alifika saa tisa kwa baiskeli, amevaa suruali ya kaki, mkoba umefungwa nyuma. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akachuchumaa mbali kidogo na mbwa akamtazama kwa muda mrefu. Aliniuliza maswali kwa upole. Je, ameumwa na mbwa mwingine? Sijui. Ameuma mtu? Hapana.

"Na mfupa je, hamkumpa? Fikiri vizuri, binti. Mfupa ukikwama unaleta hali hiihii. Lakini mimi siwezi kutia mkono kwenye mdomo kama ule kwa kubahatisha."

Baba alikuwa anafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Sisi hatuna nyama, mzee," nilisema. "Anakula ugali na dagaa."

Aliniuliza tena. Nikamjibu tena, safari hii haraka zaidi. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hao hawakuishi jirani na hifadhi.

Akasema basi, hakuna njia, ila angalau asife kwa marungu, sindano anayo. Tatizo ni kumpata. Akataka aitwe na mtu anayemwamini. Nikamwita. Alitoka kwenye migomba, mdomo wazi vilevile, akitikisa mkia kidogo, kwa sababu alidhani sasa ndiyo nimekuja kumsaidia. Bwana mifugo akambana shingo kwa fimbo yenye kitanzi, akamchoma pajani. Ilichukua muda kuliko alivyoniahidi. Mbwa alinitazama muda wote nami sikuangalia pembeni. Watu waliokuwepo walisema nina moyo mgumu, na hawakukosea.

Alipolegea kabisa, yule mzee alivaa glavu, akampanua mdomo kwa kijiti, akainama. Kisha akaenda kwenye mkoba wake akachukua koleo. Ulitoka kwa mvuto mmoja tu, kipande cha pingili ya shingo kilichokuwa kimejibana juu, kati ya magego ya upande huu na ya upande ule. Akakifuta kwenye majani, akakigeuza mara mbili. Baba alikuwa ametoka nje, amesimama nyuma yangu. Majirani walikuwa wameshaanza kutawanyika.

Bwana mifugo hakunifokea. Alisema kwa sauti ya chini, "Binti, mimi wamenipunguza kazi tangu mwezi wa tatu. Cha serikali nilichobaki nacho ni hii suruali. Ningempelekea nani taarifa?"

"Mungu mkubwa," alisema baba.

Yule mzee akamtazama, akanitazama na mimi, akauweka mfupa juu ya jiwe. Akafunga mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Kila ninayemsimulia humkasirikia baba kwa neno lile. Na mimi nilimchukia kwalo miaka mingi, mpaka nikamzika nikiwa nalo rohoni. Ilikuwa rahisi kwangu. Ukweli ni kwamba baba alitamka tu kilichokuwa moyoni mwangu. Mbwa wangu alikuwa bado ana joto, amelala karibu na miguu yangu, na niliposikia kwamba yule mzee si mtu wa serikali tena, kabla ya uchungu, kabla hata ya aibu, nilishusha pumzi. Nilifurahi. Kisha nikaenda kutafuta jembe.