Neno Lililomficha Muuaji

Masika wa Butembo alisuka nywele ugenini, mtaa wa Yeoville, na kuandika hadithi za upelelezi kwa Kiswahili cha kwao Kongo. Kila Ijumaa aliwatumia wateja sura moja kwa WhatsApp, akiikata pale pale mlango unapogongwa, nao wakarudi saluni hata misuko haijachakaa, kumbembeleza awatajie muuaji. Hakumtaja kabla ya sura ya mwisho. Hadithi tatu zilikwisha hivyo. Ya nne, mwaka 2017, ikapata mchapishaji: Kiplagat, Mkenya wa Randburg, aliyetoa vitabu pembeni ya kazi yake ya benki.

Hadithi yote ilisimama juu ya neno moja. Mwanamume anaapa mbele ya polisi kwamba hamjui mwanamke aliyeuawa, kisha anaulizwa saa ya mkononi kaipata wapi. "Alinipa yaya," anajibu. Polisi, Wakenya, wanadhani anamsema mtumishi aliyemlea. Mpelelezi, Mkongomani, anajua kwao yaya ni dada mkubwa, na anajua marehemu alimnunulia mdogo wake saa.

Kitabu kilipotoka, neno halikuwemo. Kiplagat alikuwa amelisahihisha: "Alinipa mlezi wangu wa utotoni." Sasa mtu anafungwa pingu kwa kosa la kupewa saa na mtumishi. Upuuzi mtupu.

Masika alimfuata ofisini, damu ikimchemka.

"Mama Masika, nimekusafishia lugha tu," Kiplagat alisema. "Msomaji wa Eldoret hangejua yaya ni dada."

"Papa Kiplagat, kule kukosa kujua njo kunaficha muuaji."

"Basi tuweke maelezo chini ya ukurasa."

Yaani muuaji atajwe kabla maiti haijapoa. Masika aliona ametukanwa. Huyu hakuwa ameisoma hadithi. Alikuwa akiwinda makosa, na kila neno la Kongo kwake lilikuwa kosa. Mwacha mila ni mtumwa, naye hakuvuka mipaka yote ile aje kuwa mtumwa wa kamusi ya mtu.

Alibeba maboksi yote ya vitabu nyumbani, akaufuta ule usafi kwa kalamu nyekundu, nakala moja baada ya nyingine, na juu yake akaandika neno lake. Mkono ulimuuma, hasira isipungue. Kisha akaviuza kanisani, mtaa wa Observatory.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Rispah, mke wa Kiplagat, alimjia na kitabu kifuani.

"Dada, umeniweza. Nilidhani ni yaya wa watoto mpaka ukurasa wa mwisho."

Masika hakucheka.

"Rudilia ile maneno kwa nguvu," alimwambia. "Bwana yako iko nyuma yako."