Salamu za Kona ya Mikaratusi

Redio ya kiwanda ilikaa katika chumba kidogo karibu na mizani, na mimi ndiye niliyekaa nayo. Ilikuwa miaka ya tisini. Simu ya mkononi tulikuwa tunaisikia tu kwa watu waliotoka Nairobi, na malori ya kukusanya majani ya chai kwa wakulima yalikuwa na njia moja tu ya kuongea na kiwanda, redio koli. Kila lori lilikuwa na redio yake chini ya dashibodi, maiki yenye kitufe, na antena juu ya paa. Ukibonyeza kitufe unaongea, ukikiachilia unasikia, na huwezi kufanya yote mawili kwa pamoja. Aliyebonyeza ndiye mwenye njia, na wewe mwingine unangoja mpaka aseme "ova" na kuondoa kidole. Kuna dereva mmoja aliwahi kukalia maiki bila kujua. Tulimsikiliza akimsema meneja kutoka kituo cha kwanza mpaka cha mwisho, na meneja mwenyewe amesimama nyuma ya kiti changu. Hatukuwa na namna ya kumwambia anyamaze.

Lori la njia ya Boito liliendeshwa na baba yangu. Alipenda kusema kwamba alianza kuipita barabara ile ikiwa bado ya ng'ombe, na ng'ombe ndio waliompisha. Mwaka ninaoukumbuka hapa, daktari wa hospitali ya misheni alimwambia kwamba moyo wake umepanuka na aache kazi nzito. Baba alimshukuru sana, akampa mkono, akarudi kwenye lori. Alisema atapumzika mvua ndefu zikiisha, kwa sababu majani yakiwa mengi si wakati wa kuwaacha wenzako. Mama akasema sikio la kufa halisikii dawa. Kisha akasikia alichokisema, akajifunika mdomo kwa leso na kwenda kuangalia maziwa mekoni ambayo hayakuwa yamechemka.

Jioni hiyo mama aliniita jikoni peke yangu.

"Wewe ndio uko na redio," aliniambia. "Mimi nikiwa huku kwa shamba simuoni mpaka usiku. Ukisikia sauti yake imebadilika hata kidogo, tuma gari. Usingoje mtu akuambie."

Nikakubali. Ningekataaje? Lakini nilijua jambo ambalo mama hakulijua, kwamba redio ya lori la baba ilikuwa ovyo kuliko zote. Ilikatika katikati ya neno. Wakati mwingine nilimwita asubuhi yote bila jibu, halafu sauti yake ikatokea ghafla ikijibu swali ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Wasemao barua ni nusu ya kuonana wangeikuta redio yetu, wangesema haifiki hata robo. Mbele ya ahadi niliyompa mama, ile redio ilianza kunitia hofu. Ikikatika, nilikuwa sijui kama ni waya au ni moyo.

Nilimsumbua meneja mpaka akaleta fundi kutoka Kericho, kijana mpole ambaye kwao ni upande wa ziwa, aliyekunywa chai bila maziwa mpaka wanawake wa jikoni wakamwonea huruma. Alinifundisha mengi, kwa kuwa sikumpa nafasi ya kufanya kazi kimya. Alisema ubovu wa redio unautafuta kama mbuzi aliyepotea: hukimbii ovyo, unauliza kwanza alionekana wapi mara ya mwisho. Akaanza na betri ya lori, akakuta vichwa vyake vimeota ukungu mweupe, akavisugua. Akafuata waya wa antena, akaukata kidogo, na ndani yake shaba ilikuwa imegeuka kijani. Mvua yetu ilikuwa imeingia humo na kujikalia. Akaweka waya mpya na kuufunga kwa gundi nyeusi.

Kwa siku chache tulishangilia. Kisha ikaanza tena kukatika.

Fundi aliporudi hakukasirika, jambo ambalo mimi nisingeliweza. Aliitoa redio ya baba akaifunga kwenye lori la njia ya Litein, na ya Litein akaifunga kwa baba. Redio ya baba ilipofika upande wa Litein iliongea kama mtangazaji wa habari. Ile ya Litein, iliyokuwa haijawahi kumsumbua mtu, iliposhuka bondeni na lori la baba ikawa bubu.

"Basi gari ni mzima na redio ni mzima," fundi akasema. "Mgonjwa ni hilo bonde. Milima imesimama katikati yenu. Hapo mimi sina spana."

Ingehitajika mlingoti juu ya kilima, wa kupokea sauti huku na kuirushia kule. Meneja aliomba, akaambiwa litaangaliwa, na kila Mkenya anajua neno hilo maana yake nini. Fundi akanifanyia lililobaki. Alizunguka na baba njia nzima, akiniita kila baada ya mwendo mfupi, mpaka akapata mahali pamoja ambapo milima miwili inaachana na kiwanda kinaonekana kwa mbali. Palikuwa kwenye mpando wa kutokea bondeni, penye kona ya mikaratusi. Pale sauti ilifika safi.

Taabu ni kwamba kona ile hakuna dereva aliyesimama. Mpando ni mkali, barabara ni udongo mwekundu, na lori lililojaa majani likisimama hapo wakati wa mvua halitoki tena mpaka livutwe na trekta. Hata wapakiaji waliteremka chini na kuupanda kwa miguu, mmoja akibeba gogo la kuzuia gurudumu kama lori lingeteleza. Dereva alibaki ndani peke yake, akiongea na mimi huku akipita. Sauti iliingia, ikakaa muda wa kusoma aya moja ya Biblia, ikaondoka.

Aya moja inatosha kusema mengi, lakini si kwa baba. Alikuwa Mkipsigis wa zamani, na kwake mtu hazungumziwi kabla hajasalimiwa. Na salamu yenyewe si neno moja. Anakusalimu, unajibu, anauliza mlivyolala, watoto, ng'ombe, mvua kama imefika, na ndipo sasa, mkiwa mmeshakuwa watu, anakuambia kilichomleta. Lori likawa linaimaliza kona ile baba bado yuko kwa ng'ombe. Magunia, tairi, daraja lililosombwa, vyote vilibaki bondeni. Madereva wengine wa kwetu walikuwa na tabia hiyo hiyo, ila kwenye njia zao sauti ilidumu vya kutosha kuibeba.

Meneja akabandika amri juu ya redio: ujumbe kwanza, salamu zingoje kiwandani. Madereva wote walifuata, wakinung'unika. Baba alinijibu nyumbani, akiwa anavua gambuti zake.

"Wewe nilikuzaa. Nikuite halafu nikuambie gunia? Kama mimi ni polisi?"

"Baba, dakika inaisha."

"Iishe. Mtu asiyesalimia ameleta habari ya kifo. Ndio peke yake anaingia kwa boma ya mtu bila salamu."

Nilibishana naye kama nilivyobishana na kila mtu. Nilimwambia sitaki kujua habari za ndama, nataka kujua kama kifua chake kinauma. Akacheka. Alisema kifua ni chake na ndama ni wetu sote.

Kabla ya kurudi Kericho, fundi alinionyesha kitu cha mwisho. Nilipoacha redio wazi, bila mtu kuongea, ilitoa ule mchemko wa shhh, kama mafuta kwenye kikaango. "Ukisikia hiyo, ujue amepotea," alisema. "Lakini ikinyamaza, hata kama hasemi kitu, yuko. Kidole chake kiko kwa kitufe." Nikalishika neno hilo kama dawa. Tangu siku hiyo niliacha mchemko uvume chumbani kutwa nzima, hata karani wa mizani akalalamika kwamba unamuumiza kichwa, nami nikamwambia ahamishe kichwa.

Siku yenyewe ilikuwa na mvua ya alasiri, ile ya kila siku huku kwetu. Mchemko ulikuwa unavuma. Ghafla ukakatika, na sauti ya baba ikaingia karibu sana, kama aliyevuta kiti akaketi.

"Fektari, fektari. Chamgei, mama." Chamgei ni salamu yetu, na aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

"Chamgei mising, baba. Nakupata vizuri kabisa. Uko wapi? Ova."

"Niko kwa kona. Umekula? Ova."

"Nimekula. Umebeba majani kiasi gani? Ova."

"Mama yako alienda kwa maombi ya wanawake? Ova."

Nikapumua kwa nguvu ili anisikie nimekasirika, halafu nikamjibu kwamba alienda, mchungaji alikuja, walikunywa chai. Nikangoja ikatike. Haikukatika. Akauliza mvua kama imefika kiwandani, nikasema imefika. Akauliza mdogo wangu kama bado ana kikohozi, nikasema kimepungua. Nilianza kutabasamu peke yangu chumbani. Salamu zake zote zilikuwa zinapita, moja baada ya nyingine, kwa mara ya kwanza tangu redio ile ifungwe. Nilifikiri huenda walisimamisha mlingoti bila kutuambia.

"Yule ng'ombe mwekundu alizaa? Ova."

"Alizaa asubuhi, ulipotoka tu. Ndama jike. Ova."

"Hiyo ni vizuri," baba akasema. "Hiyo ni vizuri sana."

Hakusema ova. Nilisikia mvua ikipiga paa la lori na injini ikinguruma polepole, safi kama niko naye kwenye kiti cha pembeni. Nikangoja swali lingine. Lilipochelewa nikaita, "Baba, endelea, ova," ingawa nilijua kwamba akiwa ameshika kitufe hanisikii. Nikagusa waya nyuma ya redio. Nikazungusha vifundo, nikavirudisha. Kila kitu kilikuwa sawa. Mchemko haukuwepo, mvua ya kule ilikuwa inaingia, na nikajiambia alivyoniambia fundi, kwamba yuko.

Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini hakusema kwamba anaumwa. Njia ilikuwa wazi. Wapakiaji walituambia baadaye kwamba alianza kushika kifua tangu kituo cha mwisho, akakataa kuteremka, akaupanda mpando peke yake na kusimama pale ambapo hakuna anayesimama, handbreki ameivuta. Alijua lori halitatoka. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, nami ningetuma gari na daktari juu yake. Akaitumia kuuliza ndama. Nilimkasirikia siku ya mazishi, mbele ya watu, na hasira hiyo haijaisha. Nampenda na nimemkasirikia, vyote viwili, na sioni kimoja kikimfukuza mwenzake.

Nilikaa nikisikiliza ile mvua. Sikuogopa. Naona ajabu kulisema hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa: katika miezi yote ile ya kumlinda kwa masikio, hizo ndizo dakika nilizotulia. Nilijua alipo. Nilisikia hata matone yanayodondoka kutoka kwenye mikaratusi, mazito kuliko yale mengine. Nikachukua kikombe changu cha chai, nikanywa.

Kisha mchemko ukarudi, shhh, ukajaa chumba. Kidole kilikuwa kimeondolewa. Nikaweka kikombe chini na kuinama kwenye maiki, tayari kumgombeza kwa kushika njia muda wote huo. Kabla sijabonyeza, mchemko ukakatika tena na sauti ya kijana ikaingia, yule mpakiaji aliyekuwa akibeba gogo. Nilimjua vizuri. Alikuwa mtoto wa jirani, aliyefundishwa salamu na wazee wale wale walionifundisha mimi.

"Fektari," alisema. "Mwambie meneja alete gari ndogo kwa kona. Ova."

Hakunisalimia. Nikabonyeza kitufe, nikasema nimepata, nikatoka kwenye mvua kumtafuta meneja.