Damu Ndani ya Tonge

Yunis hakuwa mtu wa kupewa. Lile bwawa la bondeni, chini ya Soni, walilichimba shemeji zake miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, bwana samaki alipopita akihimiza. Walipochoka kulisha wakaliacha likaota nyasi. Mumewe alipofariki, Yunis akawaambia: nipeni hilo tope, chukueni mbuzi wangu. Wakacheka mpaka wakakohoa. Mwaka uliofuata walikuja kuomba kitoweo, naye akawauliza wamekuja na nini mkononi.

Ubora wa perege, samaki wa bwawa lile, ni tonge. Majani ya magimbi aliyachemsha kwanza yatoke uwasho, ndipo akayatwanga. Pumba za mahindi akazipepeta. Kumbikumbi wa vuli akawakaanga pasipo mafuta na kuwasaga. Vyote akavikanda kwa uji mzito wa muhogo, akafinyanga matonge na kuyaanika juu ya ungo mpaka yawe magumu kama kokwa. Tonge bichi huvunjika majini likawa uchafu tu. Tonge kavu huzama taratibu, samaki akalifuata.

Kuuza hakuuza yeye. Aliuza Tatu, jirani yake wa ng'ambo ya kijito, mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa na kitu ambacho Yunis hakuwa nacho: sokoni neno lake halikupimwa. Tatu akisema ndizi hizi zimekatwa leo, mtu habonyezi. Jioni alirudi na unga na chumvi, wakagawana nusu kwa nusu. Yunis alijua vizuri kwamba katika biashara ile bwawa ni lake, lakini mtaji ni mdomo wa Tatu.

Kisha ikaja njaa ya sabini na nne. Mvua zilikatika mahindi yakiwa magotini. Unga wa njano wa serikali ukapimwa kwa kibaba, na redio ikahimiza kilimo cha kufa na kupona. Kufa watu walikuona, kupona walikusikia. Penye mashine ya kusaga, pumba zilizokuwa zikimwagwa sasa zilipangiwa foleni.

Siku moja balozi wa nyumba kumi akamkuta Yunis na kapu lake kwenye foleni ile.

"Mama Mika, pumba hizo za nani?"

"Za samaki, ndugu balozi."

"Samaki wako wana kadi ya chama?"

Watu wakacheka kwa midomo. Macho yao yalibaki kwenye kapu. Yunis akaliweka chini, akaondoka. Hakuwa mjinga wa kugombania pumba na watu wenye njaa.

Akaenda machinjioni. Kule damu ilimiminwa mtaroni ikaliwa na mbwa. Akamwambia mchinjaji anaitaka kwa mbolea ya kabichi, akajaziwa debe. Aliichemsha mpaka ikaganda, akaivunjavunja, akaianika, akaisaga pamoja na majani. Perege wakanenepa wakati watu wanakonda. Tatu hakuambiwa. Hakuuliza, na Yunis hakuwa na desturi ya kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Asubuhi moja Tatu aliwahi kuja, akakuta sufuria bado iko mafigani.

"Mama Mika, ni nini hii?"

"Mboga."

"Mboga ina inzi hivi?"

Yunis alijua uongo uliokwisha kupasuka hauuziki tena. "Ni damu. Ya machinjioni."

"Tangu lini?"

"Tangu pumba zilipogeuka ugali."

Tatu akajishika mdomo. "Na jana tu nimemwapia Mzee Rajabu! Wallahi, nikamwambia, ni majani na wadudu tu. Kwa kinywa hiki!"

"Shoga yangu, samaki anakula hata tope. Mbona anayemla haambiwi amekula tope?"

"Usinifundishe dini yangu. Hata kwenu damu imekatazwa, au mchungaji hajawafikisha hapo?"

Alikuwa amewafikisha. Yunis akaipua sufuria.

Tatu akaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akarudi na jibu: samaki wakomeshwe damu, walishwe kilicho safi mpaka miili yao itakate, kisha ni halali kama zamani. Yunis akashusha pumzi.

"Basi tumemaliza. Tunawapa majani matupu, wakishatakata tunauza."

"Tunawaambia watu kwanza."

"Uwaambie nini? Mwenye njaa haulizi, Tatu! Njaa haina dini."

"Mimi wananiuliza kila siku. Kiapo nilikula mimi, hukula wewe."

Yunis alibishana naye kama anavyobishana bei, akipanda na kushuka, akimtajia watoto wake Tatu mwenyewe na mkwewe Tatu aliye mgonjwa. Tatu hakusogea hata kidogo.

Samaki wakapewa majani matupu mpaka wakatakata, kisha wanawake wote wawili wakaenda Soni. Tatu akasimama nyuma ya karai, akasema kila kitu: walikula damu, sikujua, nikaapa, naomba radhi, sasa ni safi, mwalimu ameridhia. Aliyasema kwa sauti kubwa kuliko ya kunadi. Mzee Rajabu, aliyekuwa amekwisha kutia perege wawili kapuni, akawatoa, akawarudisha karaini taratibu, akajifuta vidole kwenye jani la mgomba.

"Mama, wewe nakuamini," alisema. "Lakini wale ulioniapia nimeshawala."

Hakununua mtu. Kabla ya adhuhuri karai lilikuwa na jina: samaki wa damu. Wiki iliyofuata Tatu alipeleka ndizi, na watu wakazibonyeza.

Yunis hakufa njaa. Alikula perege bila ugali mpaka akawachukia. Aliwapeleka kwa Tatu, waliotakata kabisa, akamwekea mlangoni.

"Mwalimu amesema halali," alimkumbusha.

"Halali ni halali. Lakini nikionekana nawala, watasema radhi ile ilikuwa ya uongo. Ndizi zangu nitamuuzia nani? Chukua."

Yunis akachukua. Alifika mara ya pili, akarudishwa vilevile. Mwisho wa kipupwe mkwewe Tatu akafa. Alikuwa mzee na alikuwa mgonjwa. Lakini majirani walioosha maiti walisema ilikuwa nyepesi kama tenga.

Msibani kila mtu alikwenda na alichonacho: mwingine kiganja cha maharage, mwingine kabichi. Yunis alikwenda na mzigo wa kuni kichwani. Wanawake wa jikoni walimtazama, wakamtazama Tatu.

"Umezitoa wapi?" Tatu aliuliza.

"Mkaratusi ulioanguka kando ya barabara. Nimezipasua mwenyewe jana. Shoka nimeazima kwa shemeji. Kamba ni ya mgomba wangu."

Hakuna aliyemtaka aseme yote hayo. Tatu aliusikiliza mzigo mpaka mwisho, hadi kamba.

"Zitue pale nje," alisema. "Ndani zimejaa."

Yunis akazitua. Mafigani kule ndani, moto ulikuwa unazimika.