Bangili Nne za Mama wa Getanuwas

Tafadhali usiniambie niliota. Ilikuwa saa tisa mchana, hapa hapa Katesh, mlango uko wazi na redio ya jirani inaimba. Mtu anaotaje akiwa amesimama na nyundo mkononi?

Mimi ni fundi cherehani, na mapambo ndiyo ugonjwa wangu. Hereni, shanga, bangili, nimekusanya tangu usichana. Mwaka juzi nilichoka kuyafungia kwenye makopo. Nikachukua ubao, nikauvika mahameli nyeusi, nikausimamisha sebuleni na kupigilia misumari midogo. Hereni juu, shanga katikati. Chini, peke yake, bangili nne za shaba.

Sasa nikwambie ukweli. Bangili zile hazikuwa zangu. Aliniachia mteja wangu, mama mmoja mfugaji wa Getanuwas, siku alipopita akienda hospitali. Mikono yake ilikuwa imevimba, tukazivua kwa sabuni.

"Fundi, nitunzie," alisema. "Nisiporudi, mpe binti yangu."

Hakurudi. Binti alipokuja kuuliza, macho mekundu kwa kulia, nilimtazama usoni nikamwambia mama yake hakuniachia kitu. Akasema asante, dada. Ile asante ilinichoma, niamini. Lakini je, nilimwita arudi? Sikumwita.

Basi, siku hiyo nilikuwa namalizia msumari wa mwisho niliposikia hodi. Mama amesimama mlangoni, jua liko nyuma yake, sura siioni. Amevaa gauni la ngozi, kama wanavyovaa wamama wa kule.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba."

Akaenda moja kwa moja kwenye ubao. Akagusa hereni, akagusa shanga, taratibu. Mkono ulipofika chini ndipo nilipouona vizuri: umevimba, na ngozi ina alama nne za kubanwa, zimezunguka mkono.

"Umezipanga vizuri, fundi," alisema. "Binti yangu ameshaziona?"

Sauti ile ningeikosea vipi? Nyundo ilinidondoka. Niliinama, si kuiokota, bali kuficha uso kwa aibu. Nilipoinuka, sebuleni nilikuwa peke yangu. Nikatoka mbio kumuuliza jirani anayeuza nyanya mbele ya mlango wangu.

"Mama gani? Hajaingia mtu kwako tangu asubuhi."

Nilirudi nikazishika zile bangili. Zilikuwa na joto, kama zimevuliwa mkononi sasa hivi.

Asubuhi iliyofuata nilikodi bodaboda mpaka Getanuwas. Nikamkabidhi binti bangili zake, nikakiri mbele ya shangazi zake wote. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alizivaa, akaniletea kikombe cha maziwa.

"Mama alikuwa anakusifu sana," akasema.

Yale maziwa niliyashika mpaka yakapoa.

Mapambo yangu yote niliyagawa. Siku hizi sivai pambo lolote, hata matundu ya masikio yameziba. Na mama yeyote akisimama mlangoni, salamu hainitoki mpaka nione uso wake. Wateja wananiona nimekuwa na dharau. Waache waone hivyo.

Lakini wewe unayenisikiliza, kama kuna kitu cha marehemu ndani ya nyumba yako, na unamjua anayestahili kupewa, usikae nacho hata siku moja. Mimi binti alinisamehe. Mama yake hakuniambia kama amenisamehe.