Darasa la Akina Mama wa Kilatino

Nilikuwa napiga pasi gauni la mteja dukani kwangu Fordsburg, Johannesburg, pale jirani yangu, msusi Mkongomani, aliponiletea simu yake. Huniita yaya, ndio dada kwao.

"Yaya, angalia. Masomo ya bure kabisa. Wanafundisha wamama kuuza vitu kwa internet."

Tangazo lilikuwa la Kiingereza, limetoka Marekani, nalo lilisema masomo ni ya akina mama wa jamii ya Latino. Nikamwuliza Latino ndio akina nani.

"Si ni Kilatini? Ni siye Wakatolika."

Nikakubali. Utotoni Morogoro niliimba kwaya, na nyimbo za Kilatini bado nazikumbuka, ingawa maana yake sikuwahi kuijua. Tukajiandikisha wote wawili.

Jumamosi jioni, kwao ikiwa asubuhi, tukaiegemeza simu kwenye cherehani. Zikatokea nyuso za wanawake, na mwalimu akatusalimia kwa lugha niliyodhani ni Kireno, kama cha Wamsumbiji wanaonunua vitambaa mtaani kwetu. Kumbe Kihispania. Jirani yangu alisikiliza kidogo, akacheka, akarudi kwa wateja wake. Mimi nilibaki, kwa sababu baada ya salamu mwalimu alihamia Kiingereza, akaanza kueleza namna ya kupiga picha nguo ili rangi isidanganye. Hilo nililihitaji. Kwenye picha zangu kila kitenge kilionekana kimechuja.

Kisha kila mmoja akaulizwa anatoka wapi. Wakataja Guatemala, Honduras, Meksiko. Mmoja wao, fundi wa nguo kama mimi, alisema amezaliwa hapo hapo Marekani lakini watu hawaachi kumwuliza ametoka wapi. Nikamfikiria binti yangu, mzaliwa wa Johannesburg, anayejua Kizulu kuliko Kiswahili, na shuleni huulizwa vivyo hivyo. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Morogoro." Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Labda alidhani ni mji wa Meksiko.

Nyumbani nikamweleza mume wangu. Yeye ni Msauzi, wazazi wake walikimbilia Tanzania wakati wa ubaguzi, na Kiswahili chake ni cha Morogoro kama changu.

"Eish, mke wangu, hao ni watu wenye asili ya Meksiko, Amerika ya Kati na ya Kusini. Kilatini kimeingiaje hapo?"

"Sasa niache?"

"Mimi nitajuaje? Mwulize mwalimu."

Nikamwuliza. Akasema ataulizia kwanza. Juma lililofuata akanijibu kwamba fedha za masomo zimetolewa kwa ajili ya jamii yao tu, kwa hiyo hawezi kunihesabu kuwa mwanafunzi.

"Lakini hakuna aliyeniambia nikutoe," akasema. "Wewe kaa tu."

Nikakaa, nisijue kama nimekaribishwa au nimevumiliwa. Nikijibu swali, najiona nakula muda wa mtu. Nikinyamaza, yule fundi mwenzangu ananiita: "Dada wa Morogoro, wewe unasemaje?" Siku moja alituonyesha gauni la waridi, pana kama hema, nikampongeza bibi harusi. Wote wakacheka. Kwao msichana akifikisha miaka kumi na mitano hufanyiwa sherehe kama ya harusi, ila bwana harusi hayupo. Nikauliza tena, hayupo kabisa?

Duka langu la mtandaoni sasa lipo. Wa kwanza kunipata huko alikuwa dada wa Kikenya anayefanya kazi benki hapa hapa mjini, Sandton. Aliagiza koti la kitenge, akaliona linafanana na picha, akaagiza la pili.

Siku ya mwisho mwalimu aliwasoma wahitimu jina kwa jina. Langu halikuwemo, na nilikuwa nimejiandaa lisiwemo. Halafu akasema maneno marefu kwa Kihispania, na wote wakapiga makofi, wengine wakifuta macho. Sikujua kama makofi yalikuwa yangu, au ya mwalimu, au ilikuwa sala ya kufungia. Nikapiga nami, nikizikagua zile nyuso moja moja nione nani ananitazama. Kwenye simu, kila mtu anaonekana anakutazama.