Mipira ya Mama Stoo

Chuo kizima tunamwita Mama Stoo, kwa kuwa ndiye anayetunza vifaa vya michezo. Kila asubuhi huipangusa mipira kwa kitambaa chenye unyevu, akiishika kwa viganja viwili kama anayemwosha mtoto uso. Ukimwomba mmoja, hukupa uliochubuka.

"Na ule mpya, mama?"

"Yule bado mdogo, mwanangu. Hajazoea watu."

Siku ya fainali tulikuwa sare, penalti yetu ya mwisho haijapigwa, mpira ukapasuka. Mwamuzi akasema usipopatikana mwingine, kombe ni la wageni. Uwanja mzima ukamgeukia Mama Stoo. Alikwenda stoo kwa mwendo wa bibi harusi, akarudi ameukumbatia ule mpya, akauweka mwenyewe kwenye alama, kisha akamnong'oneza mpigaji: "Taratibu, baba. Usimuumize." Sijui ni huruma au woga, lakini kijana wa watu aliugusa tu. Kipa, aliyekwisha kuruka upande wa pili, alilala pale akiutazama unavyojiviringisha polepole hadi wavuni. Sote tulimkimbilia mfungaji. Mama Stoo peke yake aliukimbilia mpira, akaupangusa kwa upindo wa gauni.

"Pole, mwanangu," akauambia. "Twende nyumbani."