Mabomba ya Udongo kutoka Ilesi hadi Likoni

Mdogo wangu Imali alinipigia simu kunieleza kwamba anarudi nyumbani, na ilimchukua muda kulisema hilo kwa sababu kila baada ya maneno matatu alikohoa. Imali anaishi Timbwani, upande wa Likoni, na ni mama karanga: ananunua samaki wavuvi wanapofika, anawakaanga kwenye karai bandani mwake na kuwauza palepale ufuoni. Daktari alikuwa amemwambia achague kati ya moshi na kifua chake. "Mwisho wa mwezi nauza karai, dada," akasema. "Nije tulime mboga." Nikamwuliza ni moshi gani wa kumshinda mtu aliye kando ya bahari, upepo ukimpiga kutwa nzima. Kwetu Kakamega wengi tunaamini kwamba mwenye kifua kibaya akipelekwa pwani atapona. Imali akanijibu, "Njoo uone."

Nikaamua kwenda, na si kwenda kumpa pole. Mimi ni mfinyanzi wa Ilesi, huko Kakamega, na majiko ya udongo yenye bomba la kutoa moshi ndiyo kazi inayonilisha. Imali hapendi jembe hata kidogo. Anapenda samaki, kelele za ufuoni, na wateja wanaomwita kwa jina, na watoto wake wanasoma kulekule. Kumwacha auze karai lake ilhali dada yake ni fundi wa majiko ilikuwa aibu ambayo sikuwa tayari kuibeba.

Ilesi, siku ya kuondoka. Nilikuwa nimefinyanga na kuchoma jiko kubwa la vipande vitatu pamoja na mabomba ya udongo yanayoingiliana. Bomba la bati lingekuwa jepesi, lakini Imali aliniambia chumvi ya bahari inakula chuma mpaka misumari, na udongo uliochomwa vizuri hauogopi chumvi. Mume wangu alivifunga vyote kwa majani makavu ya migomba, akavitia kwenye magunia, kisha akasema, "Utafika na kokoto." Hata hivyo alinisindikiza mpaka stendi ya Kakamega mjini na kumwonya utingo wa basi kama mtu anayemkabidhi mtoto mchanga.

Nairobi, asubuhi yake, kwenye kituo cha reli. Askari wa ukaguzi alipapasa gunia la kwanza, akaniangalia.

"Mama, hii ni nini?"

"Jiko."

"Mombasa hakuna majiko?"

"Yapo. Ndiyo yaliyomwumiza ndugu yangu."

Akanisaidia kuyabeba. Siku nzima treni ilipita kwenye nyika kavu yenye vumbi jekundu, nami nikaketi na kipande kimoja cha jiko mapajani kwa sababu sikuamini rafu ya juu. Tulipofika Miritini, kituo cha Mombasa, nilifungua magunia palepale nje. Hakuna kilichopasuka, na nilimpigia mume wangu simu kumjulisha hilo kabla sijamjulisha kwamba mimi mwenyewe nimefika.

Kivuko cha Likoni, jioni. Hapo ndipo imani yangu kuhusu hewa ya pwani ilipoanza kuyumba. Malori yalikuwa yamepanga foleni, injini zikinguruma bila kwenda popote, na macho yakaniwasha. Mbele yetu meli ndefu ilikuwa ikiingia bandarini, na nyuma yake ukanda wa moshi mweusi ulilala juu ya maji bila haraka. Ng'ambo, mtu alikuwa akichoma taka za plastiki kando ya njia. Nikajisemea, kumbe hii ndiyo hewa tunayowatuma wagonjwa waje kuivuta.

Nyumbani kwa Imali tulikumbatiana mlangoni, nikausikia mgongo wake mifupa mitupu. Alikuwa amenipikia obusuma, ugali wa kwetu, na samaki aina ya changu. Alikula kidogo, akakohoa sana, akasema, "Ni ya jioni tu, huwa inaishanga." Nikamwongezea samaki sahanini, maana ningesema neno ningelia, na sikusafiri umbali wote ule ili nilie.

Asubuhi, ufuoni Timbwani. Banda la Imali limezungushiwa mbao na magunia pande tatu, na nilipouliza sababu nilicheka kwa uchungu. Ule upepo niliokuwa nikiusifu ndio mama karanga wote huuzuia, kwa kuwa unapeperusha moto na kutia mchanga kwenye samaki. Kwa hiyo nje kuna upepo wa kumtosha kila mtu, na ndani mwanamke amejifungia na kuni mbichi za mvinje, makumbi ya nazi, na chupa za plastiki za kuwashia.

Hapo ndipo nilipokutana na Mwanaisha, muuguzi wa zahanati ya karibu, ambaye ndiye aliyemsukuma Imali aende kwa daktari. Alikuwa na kidude kidogo, ukubwa wa redio ya mfukoni, chenye taa inayobadilika rangi kulingana na uchafu wa hewa. Tulizunguka nacho. Kwenye maji, kijani. Mawimbi yalipopiga mwamba kikaenda manjano kidogo. "Hiyo ni chumvi, si ya kukutia hofu," akasema. Kwenye foleni ya malori, nyekundu. Ndani ya banda la Imali kilikuwa chekundu kabla hatujaketi.

"Vumbi la kawaida pua yashika, ukapiga chafya likaisha," Mwanaisha alinieleza. "Hizi za moshi ni chembe ndogo mno, dada yangu, huzioni kwa macho. Zapita mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zaingia kwenye damu. Ndiyo maana siye hatuogopei kifua peke yake. Hata moyo, hata presha."

"Na upepo wa bahari hauzifagii?"

"Wafagia ufuo. Mapafuni mwako hauingii na ufagio."

Siku iliyofuata nilijenga jiko. Sasa niseme ukweli kuhusu bomba. Kwetu sisi Waisukha mwanamke hapandi juu ya paa. Akipanda ameleta mkosi, na wazee hudai kuku wa kuuondoa. Nyumbani mimi hujenga chini, mume wangu hupanda, nami humpigia kelele za maelekezo. Likoni sikuwa na mume, kwa hiyo nikalipitisha bomba ukutani, mdomo ukielekea baharini. Nilijiambia upepo utauchukua moshi. Tukawasha bahari ikiwa imetulia, moshi ukatoka vizuri, kidude kikawa kijani, mama karanga wakanipigia vigelegele, nami nikaanza kutembea kama mkaguzi wa shule.

Adhuhuri upepo wa bahari ukaamka. Uliingia moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba na kuusukuma moshi wote nyuma, ukatokea kwenye mlango wa kuni, usoni pa Imali. Alitoka nje akiwa ameinama, akakohoa mpaka akashika nguzo. Alipopata pumzi akasema polepole, "Dada, umejaribu. Wacha niuze karai." Hasira iliyonipanda haikuwa juu yake wala juu ya upepo, ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Bomba lilitakiwa kupita paani na kuuzidi mgongo wa paa. Nikawaomba wavuvi wawili waliokuwa wakitengeneza nyavu. Mmoja alitazama juu, akagonga bati kwa kipande cha mti, kutu ikaanguka.

"Bati hili limeliwa na chumvi, mama. Halibebi mwanamume," akasema.

"Linabeba mwanamke?"

Akanipima kwa macho. Mimi ni mwembamba. Kwetu hunichekanga kwamba ningekuwa kuni ningeisha kabla chai haijachemka. "Ukilalia boriti," akasema, "labda."

Imali alinishika gauni. "Kwetu watasemaje?"

"Kwetu hawatakusikia ukikohoa," nikamjibu, nikafunga leso kiunoni, nikapanda.

Nililala kifudifudi juu ya boriti, bati likilia chini ya kifua changu. Niliogopa, tena sana. Wavuvi walinipokeza bomba moja moja, nikayapandisha, nikaziba maungio kwa udongo uliochanganywa na majivu, nikaifunga nguzo yote ya mabomba kwa kamba ya nailoni waliyonitupia. Nilipoinua kichwa niliiona bahari yote, meli mbili zikingoja zamu, na wanawake wa ufuo mzima wakinitazama. Sikuona mkosi wowote kule juu.

Udongo ulipokauka tukawasha moto upepo ukiwa mkali. Moshi ulipanda, ukatoka juu ya paa, ukaenda zake bara. Imali aliweka karai, akamwaga mafuta, akatia samaki. Kidude cha Mwanaisha kilikuwa chekundu, kikawa cha manjano, na kabla samaki hawajageuzwa kikawa kijani. Mdogo wangu alianza kunisimulia habari ya mteja mmoja mkorofi, habari ndefu yenye vituko, na akaimaliza bila kukohoa. Sijui kama aligundua. Mimi niligundua, nikatoka nje nikalia kwa furaha, na sikuona haya.

Nilikaa wiki nzima zaidi, maana kila mama karanga alitaka bomba. Mwanaisha alituonya kwamba kifua kilichochoka hupona polepole, na kwamba malori na meli bado zipo. Ni kweli, na hizo si za mfinyanzi mmoja. Wenye mamlaka nao wapande paa lao. Imali aliacha kuwashia plastiki, na karai halikuuzwa.

Nyumbani Ilesi, wiki hii. Nimejifunza kwamba hewa haiwi safi kwa sababu ya jina la mahali. Moshi wa miwa inayochomwa kwenye mashamba ya Kabras, moshi wa meli, na moshi wa jikoni kwako wote hubeba chembe zilezile, na mbaya zaidi ni ule uliojifungia nao. Habari za paa zimenitangulia. Mume wangu alicheka, lakini wazee wawili wametuma ujumbe wanamtaka kuku wao. Kuku yupo, na ni mnene. Waje. Tutamlia jikoni kwangu penye jiko la bomba, moto ukiwaka, mlango umefungwa, na atakayekohoa ndiye atakayelipa.